Hodi, Katizo na Mwitikio: Jinsi Programu Inavyozishughulikia Ishara za Maunzi, na Maneno ya Kulieleza Jambo Hilo kwa Kiswahili

Utangulizi

Mijadala kuhusu uwezo wa Kiswahili kufundishia sayansi aghalabu huishia kwenye orodha za istilahi. Neno la kigeni huwekwa upande wa kushoto, la Kiswahili upande wa kulia, na kazi ikahesabiwa kuwa imekwisha. Makala haya yanafuata njia nyingine. Yanachukua dhana moja tu ya uhandisi wa tarakilishi, yanaifafanua hatua kwa hatua mpaka pale inapoanza kuleta madhara, kisha yanauliza ni maneno yapi ya Kiswahili yanayoweza kuubeba mzigo huo. Dhana yenyewe ni ile ambayo vitabu vya Kiingereza huieleza kwa neno lenye maana ya kumkatiza mtu, na ambayo kwa Kiswahili huelekea kufasiriwa kuwa "ukatizaji".

Dai letu ni kwamba tafsiri hiyo si potovu, ila haitoshi. Inayafumbata mambo matatu katika neno moja, kama lilivyofanya neno la Kiingereza lenyewe, na mwanafunzi asiyeyatenganisha mambo hayo ataandika programu itakayofanya kazi vyema kwa miezi mingi, kisha siku moja itoe uongo bila kuonyesha dalili yoyote ya kuharibika. Huenda msomaji akashangaa mwanafunzi wa fasihi anatafuta nini katika nyaya na betri. Jibu ni kwamba istilahi ya namna hii husimulia tendo: nani anazungumza, nani anaingia, nani anangoja, na nani anarejea alipoachia. Haya ni maswali ambayo msomaji wa tamthilia huyauliza kila siku.

Kipimamvua na tarakilishi iliyomo ndani yake

Tuchukue chombo kimoja na tukae nacho. Kipo kipimamvua ambacho ndani yake mna faneli, na chini ya faneli mna vikombe viwili vidogo vilivyowekwa juu ya mhimili mmoja mithili ya pembea. Mvua huteremka kwenye kikombe kimoja hadi kijae. Uzito wake hukipindua, maji humwagika, na kikombe cha pili huinuka kupokea zamu yake. Katika aina nyingi za vipimamvua hivi, kila mpinduko huwakilisha milimita 0.2 za mvua. Sumaku iliyobandikwa kwenye pembea hupita mbele ya swichi, swichi hujifunga kwa muda mfupi mno, na umeme hupita kwenye waya. Kazi ya tarakilishi ndogo iliyopachikwa ndani ya chombo ni kuhesabu mipinduko hiyo, kuihifadhi, na kuituma kwa simu kila baada ya muda fulani.

Tuseme tarakilishi hiyo ni mikrokontrola ya ATmega328P, iliyojulikana sana kupitia bodi ya Arduino Uno iliyotolewa mwaka 2010. Ina kichakataji kimoja tu, na kichakataji hicho hutekeleza agizo moja baada ya jingine, mapigo ya saa milioni 16 kwa sekunde yanapotumika masafa ya kawaida ya bodi hiyo. Hakiwezi kufanya mambo mawili kwa wakati mmoja. Itajuaje basi kwamba kikombe kimepinduka?

Njia ya kwanza ni kuchungulia. Programu huzunguka bila kukoma ikiitazama pini ya swichi: imefungwa? bado, imefungwa? bado. Hata mvua inaponyesha kwa kasi ya milimita 100 kwa saa, ambayo ni mvua kubwa kweli, mipinduko itakuwa 500 kwa saa, yaani mmoja kila baada ya sekunde 7.2. Kwa mashine yenye kasi kama hii, sekunde 7.2 ni umri mzima. Mtu anaweza kudhani kwamba kuchungulia kunatosha. Lakini swichi haibaki imefungwa kwa sekunde hizo zote. Hufungwa kwa sehemu ndogo ya sekunde. Kichakataji kikiwa katika shughuli ya kutuma ujumbe kupitia modemu ya simu, shughuli inayoweza kuchukua sekunde kadhaa, mpinduko utakuja na kupita bila shahidi. Isitoshe, mwenye kuchungulia halali. Chombo kilichowekwa shambani kinaishi kwa betri, na kichakataji kilicho macho hutumia miliampea kadhaa, ilhali kikilazwa usingizi mzito hutumia kiasi kidogo kuliko hicho mara maelfu.

Njia ya pili ni kumwachia mgeni abishe hodi.

Mambo matatu ndani ya neno moja

Mzungumzaji wa Kiswahili hahitaji kufundishwa mfumo huu, kwa kuwa ameulelewa ndani yake. Mtu yumo jikoni anasonga ugali. Mlangoni inasikika "Hodi!" Anayesonga haachi mwiko ukielea hewani, anamaliza mzunguko aliouanza, anaipunguza moto jiko, anakumbuka amefikia wapi, kisha anaitika "Karibu" na kwenda kumpokea mgeni. Akimaliza, anarudi kwenye sufuria ileile na kuendelea palepale. Hapa mna mambo matatu. Kuna hodi, ambayo ni ishara ya anayetaka kuingia. Kuna katizo, ambalo ni tukio linalompata mwenye kazi. Kuna mwitikio, yaani yale anayoyatenda kwa ajili ya mgeni. Hodi inaweza kupigwa na katizo lisitokee, mathalani mwenyeji akiwa amefunga mlango. Katizo linaweza kuwa lilelile na mwitikio ukatofautiana kulingana na mgeni. Vitabu vya Kiingereza hutumia neno lao moja kwa yote matatu, na ni msomaji anayelazimika kubaini kutokana na muktadha ni lipi linalokusudiwa.

Mikrokontrola nayo hufanya hivyohivyo, tena kwa utaratibu ulioandikwa. Swichi ikijifunga, biti moja ndani ya rejista huwekwa kuwa 1. Hiyo ndiyo hodi, na hubaki hapo hata kama hakuna aliyeitika. Kichakataji humaliza agizo kinachotekeleza, hakiliachi katikati. Kisha kama mlango u wazi, yaani kama biti ya jumla ya kuruhusu makatizo ni 1, kichakataji huiweka anwani ya agizo linalofuata juu ya rundo la kumbukumbu, kinaufunga mlango ili mgeni mwingine asiingie juu ya huyu, na kuruka hadi kwenye jedwali lililo mwanzoni mwa kumbukumbu ya programu. Jedwali hilo lina nafasi 26, ya kwanza ikiwa ya kuwasha mashine upya na zilizosalia zikiwa za wabisha hodi mbalimbali: pini, vipima muda, mawasiliano ya herufi, na kadhalika. Wawili wakibisha kwa pamoja, aliye karibu na mwanzo wa jedwali huhudumiwa kwanza. Kuanzia hodi mpaka kufika kwenye jedwali huchukua mapigo yasiyopungua manne, ambayo ni robo ya mikrosekunde.

Mwitikio ukikamilika, agizo maalumu la kurejea huirudisha anwani kutoka kwenye rundo na kuufungua mlango tena. Ipo kanuni moja hapa inayonipendeza kuliko zote: hata kama kuna hodi nyingine iliyokuwa ikingoja, kichakataji hiki hurejea kwanza kwenye kazi ya asili na kutekeleza agizo moja kabla ya kumwitikia mgeni mwingine. Ugali hupigwa walau mwiko mmoja kati ya mgeni na mgeni.

Ni kwa sababu hii neno "kukatiza" peke yake linapotosha. Kukatiza mazungumzo ya mtu ni kumnyima nafasi ya kumaliza, na aghalabu hapati kuendelea pale alipokuwa. Kitenzi "kudakiza" nacho kina shari ndani yake. Anayedakiza anapinga au analidaka neno la mwenzake. Katika mashine hamna ugomvi. Kazi inayokatizwa haijui kamwe kwamba ilikatizwa, na usalama wa mfumo wote umejengwa juu ya kutojua huko. Kutojua huko pia ndiko kunakoleta hatari tutakayoieleza punde.

Adabu ya mwitikio

Kanuni ya kwanza inayofundishwa ni kwamba mwitikio uwe mfupi. Sababu haielezwi kila mara, kwa hivyo na tuihesabu. Tuseme modemu inatuma herufi kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde. Kila herufi hubeba biti 10, zikiwamo za kuanzia na kumalizia, hivyo huja herufi 960 kwa sekunde, yaani moja katika kila milisekunde 1.04. Mapokezi ya ATmega328P yana nafasi ya herufi mbili, na ya tatu huweza kusimama kizingitini. Mwandishi wa programu akiamua kwamba kikombe kikipinduka, mwitikio wake uandike rekodi kwenye kadi ya kumbukumbu, na kazi hiyo ikachukua milisekunde 10, herufi tisa zitafika mlango ukiwa umefungwa. Zaidi ya nusu yake zitapotea. Mwitikio unapaswa kufanya lile tu lisiloweza kungoja: kuongeza moja kwenye hesabu, basi. Kuandika, kukokotoa na kutuma ni kazi ya programu kuu.

Jambo la pili ni kwamba hodi hazipangi foleni. Kila mbishaji ana biti moja tu. Akibisha mara tano mlango ukiwa umefungwa, mwenyeji atakapofungua ataona kwamba alikuja, lakini hataona kwamba alikuja mara tano. Anayehesabu mvua lazima alizingatie hili, kwani kwake idadi ndiyo habari yenyewe.

La tatu ni kinyume cha la pili. Vipande vya chuma vya swichi vinapogusana hudundadunda kwa muda mfupi kabla ya kutulia, na kila mdundo ni hodi kamili machoni pa mikrokontrola. Mpinduko mmoja unaweza kuhesabiwa kuwa mitatu. Maadamu tunajua kwamba mipinduko miwili ya kweli haiwezi kufuatana kwa chini ya sekunde moja hata katika mvua kubwa tuliyoitaja, mwitikio unaweza kusoma saa na kuipuuza hodi yoyote inayokuja ndani ya milisekunde 200 tangu ile iliyotangulia. Hapa ujuzi wa mvua ndio unaoirekebisha programu, na hakuna kitabu cha tarakilishi kitakachompa mwandishi nambari hiyo.

Kuhusu usingizi, tuongeze tu kwamba si kila hodi humwamsha aliyelala fofofo. Katika usingizi mzito zaidi wa mikrokontrola hii saa nyingi za ndani huzimwa, na zipo hodi ambazo bila saa hazisikiki. Hodi ya mabadiliko ya hali ya pini husikika.

Milimita 51 zinazogeuka kuwa 102

Sasa tufike kwenye kiini. Hesabu ya mipinduko haitoshi ndani ya baiti moja, kwa kuwa baiti moja huishia 255, na milimita 51 za mvua tayari ni mipinduko 255. Kwa hivyo hesabu hutunzwa katika baiti mbili: ndogo na kubwa. ATmega328P hushika baiti moja kwa wakati mmoja. Programu kuu inapotaka kuisoma hesabu hutumia maagizo mawili, moja kwa kila baiti, na kati ya maagizo hayo mawili mlango u wazi.

Tufuate yanayojiri. Hesabu ni 255: baiti kubwa ni 0, ndogo ni 255. Programu kuu inasoma baiti ndogo na kupata 255. Wakati huohuo kikombe kinapinduka. Hodi inapigwa, mwitikio unaongeza moja, hesabu inakuwa 256: baiti kubwa sasa ni 1, na ndogo ni 0. Mwitikio unarejea. Programu kuu, isiyojua kwamba kumetokea lolote, inasoma baiti kubwa na kupata 1. Inaunganisha 1 ya sasa na 255 ya zamani, na kupata 511. Mvua ya milimita 51 imeripotiwa kuwa milimita 102.2. Kama ingeanza na baiti kubwa, ingepata 0 ya zamani na 0 mpya, na kuripoti kwamba hakukunyesha kabisa. Hakuna hata moja kati ya nambari hizo mbili iliyokuwa hesabu ya kweli ya mipinduko wakati huo.

Kila sehemu ya programu hii, ikisomwa peke yake, ni sahihi. Mwitikio ni sahihi. Usomaji ni sahihi. Kosa limo katika mwanya uliopo baina yao, na mwanya huo ni sehemu ndogo ya mikrosekunde moja. Mtu anaweza kukijaribu chombo hiki maabarani mwaka mzima akimimina maji kwa kikombe na asilione. Shambani huenda likatokea mara moja, katika usiku wa mvua kubwa, na wanaotegemea takwimu hiyo kutoa tahadhari ya mafuriko wakaamini.

Dawa yake ni fupi. Programu kuu huitunza kwanza hali ya mlango, huufunga, hunakili baiti zote mbili, kisha huurudisha mlango katika hali iliyokuwapo. Tunasema kuurudisha, wala hatusemi kuufungua, kwa sababu huenda aliyeiita sehemu hii ya programu alikuwa ameshaufunga kwa sababu zake; kuufungua kungekuwa kumwingizia mgeni asiyemtaka. Wanaotumia Arduino wanaweza kuitazama programu ya kusoma milisekunde zilizopita tangu mashine kuwashwa: hesabu yake ina baiti nne, nayo hunakiliwa kwa utaratibu uu huu. Mlango hufungwa kwa mapigo machache tu, na hodi inayokuja wakati huo hungoja kidogo. Pia katika lugha ya C hesabu hiyo sharti itambulishwe kwa neno volatile, ambalo huiambia kompaila kwamba thamani hii ni kigeugeu, hubadilishwa na mwingine, kwa hivyo isomwe upya kumbukumbuni kila mara. Lakini neno hilo haliufungi mlango. Wapo waandishi wengi wanaoliweka na kudhani wamekwisha jikinga na mwanya tulioueleza, hawajajikinga.

Hofu ya Dijkstra

Wasiwasi huu si mpya. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Bram Loopstra na Carel Scholten walikuwa wakiisanifu tarakilishi ya Electrologica X1 nchini Uholanzi, na wakapendekeza iwe na uwezo wa kukatizwa na vifaa vyake. Edsger Dijkstra, aliyepaswa kuiandikia programu, alilipokea pendekezo hilo kwa hofu. Mpaka wakati huo, programu iliyoendeshwa mara mbili kwa data ileile ilipita njia ileile. Kosa likitokea liliweza kurudiwa na kuchunguzwa. Hodi zikiruhusiwa, njia ya programu itategemea wakati zinapopigwa, na kosa lililotokea leo huenda lisionekane tena. Hatimaye alikubali, akaandika programu hiyo, na kazi hiyo ikawa msingi wa tasnifu yake ya uzamifu ya mwaka 1959.

Jibu lake kwa hofu hiyo ndilo linalotuhusu. Alitambua kwamba kujaribu hakutoshi, na kwamba programu ya namna hii sharti ithibitishwe kwa hoja. Katika miaka ya 1960 alibuni semafori, yaani alama inayotawala nani apite na nani angoje, pamoja na matendo mawili juu yake aliyoyaita P na V. Herufi hizo hazikutoka katika Kiingereza. V aliieleza kwa neno la Kiholanzi lenye maana ya kuongeza, na P kwa neno ambalo yeye mwenyewe aliliunda kutokana na vipande vya Kiholanzi. Hata leo zinafundishwa hivyohivyo katika nchi ambazo Kiholanzi hakizungumzwi. Wanaosema kwamba istilahi ya tarakilishi haiwezi kuzaliwa nje ya Kiingereza wamewahi kuitumia iliyozaliwa nje yake.

Gharama ya kuudharau mwanya ilionekana baadaye. Kati ya Juni 1985 na Januari 1987, mashine ya tiba ya saratani iitwayo Therac-25, iliyotengenezwa Kanada, iliwapa wagonjwa sita wa Marekani na Kanada vipimo vikubwa mno vya mnururisho, na baadhi yao wakafa. Uchunguzi wa Nancy Leveson na Clark Turner, uliochapishwa mwaka 1993, ulionyesha kwamba sehemu mbalimbali za programu zilishirikiana data bila kinga: kukagua alama na kuibadilisha yalikuwa matendo mawili yanayoweza kuingiliwa katikati. Katika kisa cha Yakima cha Januari 1987 sababu ilikuwa baiti moja. Badala ya kuwekwa thamani isiyo sifuri, ilikuwa ikiongezwa moja kila mzunguko. Katika kila mzunguko wa 256 ilirudi sifuri, na sifuri ilisomwa kuwa hakuna haja ya ukaguzi. Mhudumu akibonyeza kitufe katika nukta hiyo, ukaguzi ulirukwa.

Maneno yaliyosalia

Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, kazi kubwa ilikuwa menyu na ujumbe wa skrini, yaani yale mtumiaji anayoyaona. Ndani ya mashine bado pana upungufu, na pendekezo letu linaanza na haya. Ishara itokayo kwenye maunzi iitwe hodi, na biti inayoihifadhi iitwe alama ya hodi. Tukio la kichakataji kuiacha kazi na kuirejea liitwe katizo. Sehemu ya programu inayomhudumia mgeni iitwe mwitikio. Kuzuia makatizo kwa muda kuwe kufunga mlango. Sehemu ya programu inayotekelezwa mlango ukiwa umefungwa tunapendekeza iitwe faragha, kwa kuwa mwenye faragha hakatai wageni, anawaomba wangoje. Jedwali la anwani libaki jedwali la miitikio.

Lipo neno moja ambalo bado linahitaji mjadala: muda unaopita kati ya hodi na mwanzo wa mwitikio. Wengine watapendelea "ucheleweshaji", lakini neno hilo lina lawama, ilhali sehemu ya muda huo haiepukiki. "Muda wa kuitika" unatufaa zaidi, na katika mikrokontrola yetu unapimika: mapigo ya kumalizia agizo lililokuwa likitekelezwa, mapigo manne ya kufika kwenye jedwali, na juu yake urefu wa faragha ndefu kuliko zote au mwitikio mrefu kuliko wote katika programu nzima. Viwili hivyo vya mwisho ndivyo vilivyo mikononi mwa mwandishi wa programu.